Mtoto Asiyesifiwa

Kwako utakayeshika darasa la wadogo baada yangu.

Kabla hujafunua ukurasa unaofuata, nakusihi kwa kila unachokiheshimu: yaliyomo humu yabaki kwako. Usimsomee mwinjilisti, usimsomee mkeo, wala usiyasome kwa sauti ukiwa peke yako chumbani, maana kuta za mji huu ni za udongo na majirani hawana kazi. Humu nimesema maneno mazuri juu ya mtoto ambaye hapaswi kusemwa vizuri. Mimi ni mwoga, sifichi. Lakini ukishasoma utaona kwamba safari hii woga wangu si wa bure.

15 Septemba, Jumapili

Baada ya ibada mwinjilisti Ampadu alinishika mkono na hakuuachia.

"Karani, wewe umesoma."

Nikajua kuna jambo. Watu wakianza hivyo huwa wana shida. Mwalimu wa darasa la wadogo ameolewa na kuhamia Tafo, na watoto wamekaa wiki tatu wakirusha mawe kwenye kengele.

"Mimi siwajui watoto, Mwinjilisti."

"Nani anawajua? Wao wenyewe hawajijui. Jumapili ijayo, ubarazani, nyuma ya kanisa."

Nilisema ndiyo kwa sababu kusema hapana kungehitaji kumtazama usoni.

18 Septemba

Kakao ya kwanza ya msimu imeletwa bohari, ninakofanya kazi ya ukarani. Mbichi. Tuliirudisha, mkulima akanitukana mimi badala ya bosi.

22 Septemba, Jumapili

Niliandaa kurasa nne juu ya uumbaji. Sikumaliza hata ya kwanza.

"Karani," aliuliza Badu, kijana wa fundi cherehani, ambaye meno yake ya mbele yameng'oka, "Mungu alipomuumba mamba, hakumwogopa?"

Nikasema Mungu haogopi kitu.

"Hata Bwana Dompreh?"

Bwana Dompreh ndiye bosi wangu. Nilitazama kwanza kama mlango wa kanisa umefungwa, ndipo nikajibu kwamba hata Bwana Dompreh.

Kisha niliwauliza majina, kila mtoto akasimama na kutaja lake. Msichana wa mwisho ni mdogo, labda miaka sita. Ana chale tatu ndogo shavuni na simbi moja imefungwa kwenye nywele. Akasema, "Yempew."

Nikashindwa kulirudia. Jina hilo maana yake ni Hatukutaki. Wenzake hawaoni ajabu: "Yempew, sogea! Yempew, umekalia mguu wangu!" Nimejua desturi hii tangu utoto. Mama akizika watoto wachanga mmoja baada ya mwingine, anayefuata hupewa jina la kumdharau, ili kifo kikipita mlangoni kione hapo hapana kitu cha thamani. Bibi yangu alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Jalala, akaishi hadi akapoteza meno yote.

Nalijua. Lakini nilikuwa nimetoka kuwaambia kwamba Mungu anamtaka kila mmoja wao. Ningesemaje, "Mungu anakutaka, Hatukutaki"? Nikamwita "wewe binti".

29 Septemba, Jumapili

Habari ya kondoo aliyepotea. Badu alisema labda alikuwa mbuzi, kondoo hawana akili ya kupotea mbali hivyo. Walibishana hadi kengele.

Yule binti hakubishana. Mwisho nilipouliza nani anaweza kusimulia, alisimama akaisimulia yote, na ya wiki iliyopita akaiongeza juu yake, mpaka na jinsi nilivyotazama mlango. Sijawahi kuona mtoto anayeshika Neno hivyo. Halibaki kichwani tu, linaingia mikononi na miguuni. Alipofika mahali mchungaji anambeba kondoo mabegani, aliinama kwa uzito.

3 Oktoba

Mvua. Mikeka ya kuanikia kakao imefunikwa siku nzima.

4 Oktoba

Mvua.

6 Oktoba, Jumapili

Leo nimefanya jambo jema, nadhani. Yule binti alikuwa wa kwanza tena kukumbuka somo. Nikamsimamisha mbele nikawaambia wenzake, "Kuanzia leo huyu tutamwita Nyamekye, zawadi ya Mungu. Mpigieni makofi." Wakapiga sana. Akafunika uso kwa mikono yote miwili, lakini kati ya vidole niliona anacheka. Alikwenda nyumbani akiliimba jina hilo njia nzima.

Nilikula vizuri jioni. Si kawaida yangu.

9 Oktoba

Nilikuwa kwenye mizani, wakulima wamepanga foleni na magunia yao, mama mmoja akapita katikati yao na beseni la kenke za mahindi kichwani. Namjua kwa sura, kila mfanyakazi wa bohari hula kenke yake. Sikujua ni mama wa nani.

"Bwana Karani, ndiwe unayegawa majina siku hizi?"

"Mama, mimi..."

"Nauliza tu. Nikitaka la mbuzi wangu nije saa ngapi?"

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. Alitua beseni na sauti yake ikashuka.

"Nimezika wanne, baba. Wote niliwapa majina mazuri, mazuri kuliko hilo lako. Mmoja alikuwa Nyamekye." Akafuta ukingo wa beseni kwa kidole. "Huyu nimemwita Hatukutaki, na amekaa. Wewe umemsimamisha mbele ya watu, ukamsifu, ukampigisha makofi. Ulikuwa unamwita nani aje kumtazama?"

Aliinua beseni mwenyewe. Mkulima mmoja alitaka kumsaidia, akakataa.

"Hatakuja tena huko ubarazani."

Bwana Dompreh alitoka ofisini akisugua miwani. "Karani, umekuwa mchungaji? Vua basi hilo shati la kampuni." Watu wakacheka tena. Niliandika uzito wa gunia lililofuata vibaya, nikarudia, nikakosea tena.

13 Oktoba, Jumapili

Hakuja. Badu alisema, "Amekatazwa. Mama yake anasema una mdomo mzuri mno."

16 Oktoba

Yempew ana homa. Nimesikia kisimani, na waliokuwa wakisema walinyamaza waliponiona.

17 Oktoba

Homa haijashuka. Kila mtoto wa mji huu hupata homa mvua za Oktoba, hilo najua. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo mwaka jana. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi. Bado nimeshindwa kula, na nilipopita karibu na nyumba yao nilizunguka kwa njia ya shule nisionekane.

Niliomba. Katikati ya sala nilijikuta nasita kutamka jina lake, nisije nikataja lile zuri nililompa. Hapo nikaelewa jinsi mama yake anavyoishi kila siku.

18 Oktoba, Ijumaa

Nitaandika polepole, maana siku imekuwa ndefu.

Mke wa mwinjilisti, Mama Dede, alikuja bohari mchana. Ni mtu wa pwani, mnene, haogopi kitu. "Karani, chukua kofia, tunakwenda kumwona mgonjwa wako."

"Mama Dede, mama yake hataki hata kuniona."

"Nani anataka kukuona? Mimi mwenyewe nakuvumilia. Twende."

Mtu wa zahanati alikuwa ameshafika na kutoa kwinini. Mama Yempew alikaa kizingitini, miguu imezuia mlango. Mama Dede akapita juu ya miguu hiyo bila hodi. Mimi nikabaki uani kati ya kuku.

Mama yule alinigeukia.

"Umekuja kumwitaje?"

Nikaelewa ananiuliza nini. Nimesoma, nimeshinda mitihani, na neno moja lilinishinda.

"Yempew," nikasema.

"Yeye yuko ndani. Mimi siitwi hivyo."

Nikainua sauti. "Yempew!"

Kutoka ndani, kwa sauti ndogo iliyokauka: "Karani?"

"Endelea," akasema mama yake. "Usiache."

Nikaita. Niliita uani kwao kama mtu anayetafuta mbuzi, majirani wakachungulia juu ya ua, mmoja akadakia, "Huyo mtoto bado yupo tu? Si aondoke, anatujazia mji!" Mwingine akasema, "Kwanza ana sura kama jungu!" Mama Yempew akatabasamu kwa mara ya kwanza, na machozi yakamtoka papo hapo. Nilikuwa nawaona majirani hao kuwa watu wakali. Leo nimeona kazi wanayofanya. Wamekuwa wakiifanya miaka sita, asubuhi na jioni, kumlinda mtoto wa mwenzao.

Baadaye aliniletea kigoda. Nikaomba radhi. Aliitikia kwa kichwa tu. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau.

"Huwa ananisimulia hayo mnayofundisha. Akimaliza kuosha vyombo. Mimi sikusoma, na kanisani nakaa nyuma kabisa karibu na mlango, huwa sisikii vizuri. Basi akanieleza habari ya kondoo. Nikamuuliza, 'Huyo kondoo alikuwa anaitwa nani?' Akasema, 'Hawakusema, mama.' Nikasema, ndiyo maana alirudi salama."

Mama Dede alicheka ndani hadi kitanda kikalia. Nami nikacheka, na mwenye kusema akacheka. Sijui kama walimu wangu wa seminari wangekubaliana na tafsiri hiyo. Lakini nilirudi bohari nikiwa nimejaa shukrani, kwa kwinini, kwa Mama Dede, kwa mama ambaye amesikia Injili kupitia kwa mtoto wake aliyekaa mkekani kwangu. Nilidhani nafundisha watoto kumi na kitu tu.

Bwana Dompreh alinikata mshahara wa mchana huo. Sawa.

20 Oktoba, Jumapili

Homa imeshuka. Mungu asifiwe. Yeye, Mungu, naweza kumsifu bila hofu.

27 Oktoba, Jumapili

Amerudi! Mama yake alimleta mwenyewe hadi ngazi na kunipa masharti: jina ni lile lile, asipigiwe makofi, na akifanya vizuri nisiseme. "Ukishindwa kabisa kunyamaza, mtukane kidogo."

Nilimwambia amekalia mkeka kama gunia bovu. Alifurahi mno.

3 Novemba

Habari ya Hana, mama aliyelia hekaluni hadi kuhani akamdhania mlevi. Watoto walicheka kuhusu ulevi. Yempew hakucheka. Aliuliza kama Hana alizika wangapi. Nikasema Maandiko hayasemi hivyo, yanasema hakuwa amepata mtoto. Akafikiri. "Ni kulia kule kule."

11 Novemba

Kakao nyingi. Vidole vinanuka hadi kwenye chakula.

17 Novemba, Jumapili

Tumeigiza Samweli anaitwa usiku. Badu ni Eli, amelala vizuri sana, kweli alisinzia. Yempew ni Samweli. Mimi sauti ya Mungu nyuma ya nguzo, na sauti ilinikatika.

24 Novemba, Jumapili

Habari mbaya. Siku ya Watoto ni tarehe kumi na tano Desemba na Mchungaji Kwatei anakuja kutoka makao makuu kubatiza. Mama Yempew amekubali binti yake abatizwe. Nilitaka kuruka. Lakini Mzee Asiamah, mkuu wa wazee wa kanisa, amesema hakuna mtoto atakayemwagiwa maji kwa jina la kipagani. Yempew apewe jina jipya, au asubiri.

"Apewe Grace," alisema. "Jina safi."

Mama yake akishasikia hilo atamchukua binti, na safari hii hatamrudisha.

28 Novemba

Nimemwomba mwinjilisti anisemee kwenye baraza la wazee. Akasema, "Mimi nina miaka ishirini nasema, wamezoea sauti yangu, hawaisikii. Sema wewe."

Sijalala vizuri.

1 Desemba

Vumbi la kaskazini limeanza. Midomo imepasuka. Watoto hawajui lolote, wanafanya mazoezi ya Samweli kwa kelele.

7 Desemba, Jumamosi

Nilisimama mbele ya wazee. Nilikuwa nimeandika niseme nini kwenye karatasi, lakini niliikunja bila kuisoma, nikaiweka mfukoni.

Mzee Asiamah: "Kijana, wewe ndiye uliyempa jina zuri, mama yake akakuaibisha mbele ya magunia. Sasa unamtetea?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo unaamini kifo kina masikio?"

Swali hilo nililiogopa kuliko yote. Nikasema ukweli: kwamba siamini, na kwamba nilipomwombea wakati wa homa nilisita kutaja jina lake, kwa hiyo labda siamini vizuri kama ninavyodhani. Mzee mmoja akakohoa. Nikasema, "Wazee wangu, mama yule anaogopa na anaamini, vyote viwili nyumba moja. Mimi pia. Tukimwambia aache kwanza kuogopa ndipo tumpokee, hatafika hata mlangoni. Na mimi itabidi nitoke naye."

Mzee Asiamah alitazama dari.

"Mama yangu," alisema hatimaye, "aliniita Donko kabla sijabatizwa. Mtumwa." Hakuna aliyekuwa anajua, hata wenzake waliokua naye. "Sijasema nakubali. Mchungaji ataamua mwenyewe, mbele ya mtoto."

Nilipofika nje nikakaa kwenye ngazi kama mlevi.

15 Desemba, Jumapili. Siku ya Watoto.

Kanisa lilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mama Yempew alikuwa karibu na mlango, mahali pake, kitenge kipya, uso umejikaza kama mtu anayesubiri hukumu. Nilijua amejipanga: akisikia jina jingine tu, atapita katikati, amshike mkono mtoto, waondoke.

Watoto wengine walibatizwa. Badu alipiga chafya maji yalipomgusa. Ikafika zamu yake. Mchungaji Kwatei, mtu mrefu wa pwani, mpole, aliinama. "Jina lako nani?"

"Yempew."

Mchungaji haizungumzi sana lugha yetu lakini hilo alilielewa. Akamtazama Mzee Asiamah. Mzee akatazama viatu vyake.

"Binti," Mchungaji akasema, "hilo si jina la kumwita mtoto wa Mungu. Hupendi Mungu akuite kwa jina zuri?"

Nilimwona mama yake anainuka. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka.

Yempew alifikiri, kama anavyofikiri. Kisha akajibu kwa sauti ile ile ya ubarazani.

"Mungu alipomwita Samweli, Samweli alidhani ni mzee Eli. Alikimbilia kwa mzee. Kama Mungu angemwita jina jingine, Samweli angelala tu. Angesema, anaitwa mtu wa nyumba ya jirani."

Mchungaji alibaki ameinama. Alikaa hivyo kwa muda hadi nikaogopa ameumwa mgongo. Halafu akachota maji, akasema, "Yempew, nakubatiza," na mengine yote.

Sasa desturi ya kanisa letu ni makofi na leso hewani. Watu walikuwa wameinua mikono. Mikono ikasimama, maana kila mtu mle ndani alijua. Ndipo yule jirani wa juu ya ua akapaza sauti kutoka dirishani:

"Nani kaleta jungu hili kanisani?"

"Lirudisheni lilikotoka!" akadakia mwingine.

"Maji yote hayo kwa kitu kama hicho!"

Kanisa zima likalipuka. Walimtukana kwa nguvu zao zote, wazee kwa vijana, leso zinapepea, watu wanalia na kucheka, Mama Dede anapiga mguu chini na kusema kwamba hajawahi kuona mtoto mbaya namna hiyo. Hata Mzee Asiamah alisema kitu, kwa sauti ndogo, nadhani "jalala". Mchungaji alitugeukia akiwa amepigwa na bumbuazi, mwinjilisti akamnong'oneza, naye akavua miwani akaifuta.

Nami nilipiga kelele. Mimi. Nilisema, "Hatukutaki kabisa!" na sauti haikukatika.

Yempew alisimama katikati akitiririka maji, anatuangalia mmoja mmoja, anacheka bila kufunika uso. Mama yake hakuondoka mlangoni. Alikaa taratibu, akajifunika kitenge kichwani, na mabega yake yakatetemeka muda mrefu.

Asante, Bwana. Sina neno jingine leo.

22 Desemba, Jumapili

Mama Yempew amehama kutoka mlangoni. Alikaa benchi la katikati. Anasema anataka kusikia kama binti yake humsimulia sawasawa.

30 Desemba

Msimu wa kakao umekwisha na Bwana Dompreh amenihamishia bohari ya Goaso. Nilianza msimu nikiogopa watoto. Leo naogopa kuishi bila wao.

Basi wewe uliyelipokea darasa: wasimulie polepole, uliza wanafikiri nini, na yule usimpigie makofi. Ukitaka kunipata, usiandike kwa anwani ya kampuni, maana bosi wa Goaso, nimeambiwa, hufungua barua za makarani. Andika kwa Emmanuel Adomako, kwa mkono wa mwinjilisti wa kanisa la Goaso, au mpe barua Kofi Nsiah, dereva wa lori la bluu anayebeba kakao kila Alhamisi. Ni mwaminifu, ila anapenda kuulizwa hali ya mke wake kwanza. Ukija mwenyewe, shuka kwenye mizani, uliza karani mwoga, watakuonyesha.

Na ukiniandikia habari za yule mtoto, tafadhali usiandike kwamba anaendelea vizuri. Andika kwamba bado yupo na bado anawasumbua. Nitaelewa, na nitapiga magoti pale pale kati ya magunia.